Jinsi ya Kustaafu Mapema Ukambani Bila Kuugua

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetimiza miaka hamsini, akachoshwa na msongamano wa Mombasa Road, akaamua kurudi Kitui au Makueni kufuga kuku na kupumzika. Ni wa mtu mwenye afya njema. Kama tayari unaumwa, umechelewa; mwachie jirani asome. Fuata hatua zote kwa mpangilio, usiruke hata moja. Utafika kule kule wanakofika walioruka, ila wewe utakuwa na faili.

Hatua ya kwanza: acha kazi kwa adabu. Mtumishi wa umma wa Kenya hulazimika kustaafu akiwa na miaka 60, lakini akitimiza 50 anaweza kuomba kuondoka mwenyewe. Andika barua, peleka nakala, subiri kuitwa. Ulipokuwa kijana wa kubeba gunia la saruji begani, mwajiri alikukatia bima ya kulazwa, ya meno, ya macho, na kwa wengi hata ya mazishi. Siku mwili unapoanza kuulizia mambo hayo, utapewa saa ya ukutani, keki na picha ya pamoja. Shukuru. Bima hiyo hukoma pamoja na mshahara, kwa hiyo itazame hati yako ya mwisho ya malipo kwa heshima: makato ya afya yatakuwa pale, yamekatwa kikamilifu. Kisha faili lako litaanza safari ya kwenda Idara ya Pensheni, Bima House, Harambee Avenue. Usilisindikize kila wiki. Askari wa mlangoni atakuzoea na hilo halisaidii. Tahadhari: usiugue kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza. Kipindi hicho kina mwanzo tu.

Hatua ya pili: chagua nchi utakayoishi. Usicheke. Katiba ya 2010 ilikabidhi hospitali kwa kaunti, na zilipoanza kazi 2013, Mto Athi, ambao babu zako waliuvuka wakifuata malisho, ukawa mpaka wa kimataifa. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilitibu wazee wa miaka 65 na zaidi bila malipo, na mwaka 2016 ikafungulia wakaazi wote mpango wa MakueniCare: shilingi 500 kwa familia nzima, kwa mwaka mzima. Ng'ambo ya mto, Kitui ilimchagua Charity Ngilu mwaka 2017. Huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Afya mwaka 2004, akapeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa Wakenya wote. Wabunge wakaupitisha, Rais Kibaki akakataa kuutia saini. Mwaka 2018 Ngilu aliwapa watu wa Kitui bima yao ya kaunti, K-CHIC, kwa shilingi 1,000 kwa familia kwa mwaka. Desemba mwaka huo huo serikali kuu ikaanza majaribio ya Afya Care, mpango wake wa afya kwa wote, katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na, tazama, Machakos, kaunti ya tatu ya Ukambani. Huko, matibabu katika hospitali za umma yakawa bure.

Hivyo basi, mwaka 2019 Ukambani ilikuwa na lugha moja, muthokoi ule ule, na bei tatu za kuugua. Huo ndio wakati watu wengi walipokumbuka shangazi zao wa Wote. Mwenye shamba Mutomo na dada Kibwezi alikuwa na pasipoti mbili. Mwenye mjomba Masii alikuwa tajiri. Wewe, kwa bahati mbaya, ulikuwa Nairobi ukilipa NHIF, bima ya afya ya taifa, kila mwezi na kuwacheka.

Ukiwa bado unataka kuhama kwa sababu ya bima, zingatia kwamba gavana ana mihula miwili tu, ilhali presha yako haina kikomo cha mihula. Isitoshe, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, imeiachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ambayo kwa mujibu wa sheria ni moja kwa nchi nzima. Kuanzia siku hiyo haijalishi unaishi kaunti gani. Kwa kuwa haijalishi, endelea mara moja na hatua ya tatu, ya kuthibitisha unaishi kaunti gani. Tahadhari: usihamishe samani kufuata bima. Bima huhama kabla lori halijafika.

Hatua ya tatu: pata ukaazi. Barua ya naibu wa chifu haiandikwi siku uliyoiomba. Huandikwa siku ulipoonekana. Kwa hiyo onekana. Nenda kwenye baraza, kaa nyuma. Nenda kanisani, kaa katikati. Nenda kwenye mazishi, simama karibu na sufuria. Gari liache nyumbani, kwa sababu anayekuja kwa gari ni mgeni anayepita, na wapita njia hawaandikiwi barua. Ukiulizwa, "Wewe ni wa nani?", usitaje jina lako; hakuna aliyekuuliza hilo. Taja baba, kisha babu, kisha ukoo. Ukisema Aombe au Anzauni kwa kujiamini, mazungumzo yatalainika. Ukisitasita, utaulizwa kitambulisho, na kitambulisho ndicho chenye matatizo: kinasema ulizaliwa Kitui, kadi ya kura inasema Embakasi, na nyumba umeijenga Kibwezi kwa sababu shamba lilikuwa la bei nafuu mwaka ule.

Usiseme umerudi kupumzika. Ukambani mtu mzima anayepumzika saa nne asubuhi huulizwa anaumwa nini, na jibu lolote utakalotoa huhifadhiwa na kijiji kizima kama ugonjwa uliokuwepo kabla. Sema umerudi "kuangalia mambo ya shamba". Shika jembe unapopita njiani. Si lazima lichimbe. Tahadhari: barua ikitoka, isome jina. Utakuta jina la kaka yako, ambaye hajawahi kuondoka kijijini na kwa hiyo ndiye wanayemjua.

Hatua ya nne inawahusu wanaorudi kutoka majuu. Wengine songeni mbele. Umefanya kazi Marekani miaka ishirini, umestaafu ukiwa na 55, na umeota nyumba yenye roshani inayotazama vilima vya Mbooni. Hongera. Medicare, bima ya wazee ya Marekani, huanza kwa kawaida ukifika miaka 65, na kwa jumla haikufuati ukivuka bahari. Kwa hiyo una miaka kumi ya kuwa mzima, kisha uzee wote wa kuwa mzima zaidi. Kama ulichukua uraia wa Marekani kabla ya Katiba ya 2010, uraia wako wa Kenya ulipotea siku ile ulipoinua mkono kuapa; Katiba mpya inakuruhusu kuuomba tena. Ukisahau kuuomba, uko mlango mwingine: kibali cha Daraja K, kwa mgeni mwenye umri wa miaka 35 na zaidi na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka. Yaani utaomba ruhusa ya kuishi kwenye kiunga cha mama yako, na utaipata ukithibitisha kwamba hutategemea kiunga hicho.

Ukishapata kibali, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtaka mgeni anayekaa nchini zaidi ya miezi kumi na miwili ajisajili na SHA. Utakuwa mgeni pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na mwenyeji kwenye foleni ya Makindu, na utalipa pande zote mbili. Tahadhari: usitumie Kiingereza cha Dallas karibu na dirisha la malipo la hospitali yoyote ya binafsi. Bei ina masikio.

Hatua ya tano: jisajili. Piga *147#, au ingia Afya Yangu kwenye intaneti, au mpigie mpwa. Wote humpigia mpwa, anza naye. Utaandikisha familia yako: wewe, mwenzi wako, na watoto wanaokutegemea. Mama yako hatahesabiwa. Kisheria mama si mtegemezi wako, hata kama amekutegemea tangu mshahara wako wa kwanza, na ana daftari la kuthibitisha. Yeye ni familia yake mwenyewe na lazima ajisajili peke yake, kwa simu yake, ambayo ni ya vitufe, imefungwa kwa mpira, na laini yake iliandikishwa kwa jina la mjukuu aliyeko Mombasa. Nambari ya siri ya kuthibitisha matibabu ya mama ilikuwa ikitumwa kwa laini, kwa hiyo mjukuu alitibiwa mara nyingi sana akiwa Likoni bila kujua.

Serikali iliona kasoro hiyo, na mwaka 2025 ikaanza kuhamia alama za vidole. Huu ni uboreshaji mkubwa kwa watu wanaofanya kazi za ofisini. Lakini vidole vya mama vimechimba matuta katika mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, tangu alipoolewa, vimepura pojo, vimechota mchanga mtoni kutafuta maji kiangazi, na mashine ikivitazama haioni mtu. Ataambiwa ajaribu kidole kingine. Ana kumi, vyote vilikwenda shamba moja. Tahadhari: wewe uliyerudi na vidole laini vya ofisini, vitunze. Usilime wiki moja kabla ya kulazwa.

Hatua ya sita: jibu maswali ya mashine. Hapa ndipo walio wengi huangukia, kwa hiyo kaa chini. Mwenye ajira hakatwi kwa kukisiwa; mshahara wake unajulikana, asilimia 2.75 inaondoka, basi. Wewe huna mshahara tena. Kwa hiyo serikali itakisia mapato yako kwa kukuuliza kuhusu nyumba. Paa ni la nini? Ukuta? Sakafu? Choo ni cha aina gani? Maji unayatoa wapi? Unapikia nini, unawashia nini taa, una mifugo mingapi? Kisha hesabu itafanywa mahali usipopaona, na kiasi kitatokea.

Fikiria ulivyoishi. Kwa miaka ishirini na mitano ulikuja kila Desemba, ukaongeza mabati, ukaongeza vigae, ukavuta umeme, ukajenga tangi la maji kwa sababu Ukambani asiye na tangi hana nyumba. Ulijenga hayo yote ukiwa na mshahara ili ustaafu bila wasiwasi. Sasa mashine inaitazama nyumba hiyo na kuona mtu mwenye uwezo. Inajua ulichojenga, haijui kwamba kujenga ndiko kulikokumaliza. Tena nyumba yako ni ya matofali ya kuchoma, na mashine huenda haijaambiwa kwamba Ukambani hata banda la mbuzi linaweza kuwa la matofali ya kuchoma, maana udongo ni wetu na kuni zilikuwepo.

Jibu kwa ukweli. Kutoa habari za uongo ni kosa, na mwongozo huu hauko tayari kukutembelea. Wajibu wetu ni kukueleza tu kwamba msimu wa dodoso mifugo huhama. Ng'ombe wawili wanalala kwa mama mkwe, mbuzi wanachungwa na shemeji, na lile tangi kumbe ni la kanisa. Jirani huyo huyo, akiketi kujadili mahari ya mtoto wa kaka yake, ana ng'ombe kumi na wawili na anataja rangi zao. Akijaza fomu ya basari ya wadi, hana hata kuku. Akiomba mkopo wa chama, ana shamba ekari nane na hati iko njiani. Hakuna anayemwita mwongo, kwa sababu kila meza ina hesabu yake na wote mezani wanaijua. Mashine peke yake ndiyo haijajifunza kuuliza, "Hapa tunahesabu kwa meza gani?" Tahadhari: usichanganye meza. Yupo aliyewaeleza wakwe zake hali aliyoieleza SHA, na mpaka leo hajaoa.

Hatua ya saba: lipa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini usiutafute mwezi. Mwenye mshahara hulipa kidogo kidogo; asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, kabla mwaka uliolipiwa haujaisha. Mkupuo wa chini kabisa ni 3,600, na wewe, mwenye vigae, si wa chini kabisa. Kwa kulinganisha, wa kujitegemea alilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi, na aliyepata mshahara wa 100,000 alikatwa 1,700. Leo wa 100,000 hukatwa 2,750. Usilinganishe na 500 za MakueniCare kwa mwaka. Hilo halikuletei chochote isipokuwa presha, na presha tutaifikia.

Sheria inaamini mkulima hupata pesa kwa mkupuo, kwa hiyo anaweza kulipa kwa mkupuo. Ni kweli: pojo huuzwa baada ya mvua za Oktoba, ikiwa mvua za Oktoba zilipewa taarifa. Kwa asiye na mkupuo, mwaka 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa ada ya mwaka kisha unairudisha kwa awamu. Utaelewa uzuri wake ukiusema taratibu: unakopa ili ulipie bima, ili siku ukiugua usikope. Tahadhari: hifadhi ujumbe wa M-Pesa, uchapishe, uutie kwenye faili. Simu huzima siku ile ile mgonjwa anapoanguka, na ya mpwa itakuwa Mombasa.

Hatua ya nane: chagua ugonjwa unaofaa. Watu wengi huugua kiholela, ndiyo maana wanalalamika. Kwanza jua ngazi. Zahanati na kituo cha afya ni mlango wa chini, na huko huduma ya msingi hulipiwa na mfuko wa serikali. Hata asiyelipa ada yoyote anapaswa kuhudumiwa akiwa amesajiliwa. Hospitali ya Mwingi, ya Makindu, ya rufaa ya Kitui au ya Wote ni mlango mwingine, na kulazwa huko kunataka ada yako iwe hai. Kwa hiyo ukiweza, pata ugonjwa mdogo usiokua.

Kifurushi kizuri sana ni cha uzazi: shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ukiwa na miaka hamsini, lifikirie pamoja na mwenzi wako. Usafishaji wa damu kwa wenye figo zilizochoka una kiwango chake pia, shilingi 10,650 kila mara unapounganishwa na mashine, na mashine unaifuata ilipo, si inapokufaa. Lakini wewe hutaugua hivyo vinavyotangazwa. Wewe utapata presha na sukari, kama wastaafu wenzako wote, na hayo hayalazi mtu, yanamtembeza tu. Utaenda zahanati, utapimwa kwa upole, utaandikiwa dawa, na hakuna atakayekutoza hata senti moja kwa dawa ambayo haipo. Kwa ile iliyopo utaelekezwa duka la dawa mkabala na lango, ambalo halijawahi kuishiwa tangu lijengwe.

Ukizidiwa, utapewa rufaa. Rufaa ni karatasi yenye haraka na gari lisilo na mafuta. Kitui hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ni zaidi ya kilomita 150, na ambulensi ya kaunti ina ratiba yake ambayo haikukutaja. Kwa hiyo, kati ya mambo yote uliyopanga kwa ajili ya uzee, hakikisha una jirani mwenye Probox na mdomo mzito. Tahadhari: usiugue Ijumaa jioni, wakati wa mgomo, wala mtambo unapokuwa umelala. Ukiambiwa, "Mtandao umepotea," usijitolee kuutafuta.

Hatua ya tisa: jaribu bima ya binafsi, ili usiseme hukujaribu. Wakala atakuja mwenyewe, amevaa tai, kwenye jua la Kitui. Atakupenda mpaka umtajie umri. Kisha atakuuliza kama umewahi kuwa na presha, na hapo kumbuka kwamba kijiji kizima kina jibu. Magonjwa uliyonayo yatasubiri, mara nyingi mwaka mmoja, kabla ya kuanza kulipiwa. Yale usiyonayo yatalipiwa mara moja. Ada itapanda kila siku yako ya kuzaliwa, na ukifika umri fulani utashukuriwa kwa uaminifu wako na kuachwa. Na kadi ya SHA katika hospitali ya binafsi? Inategemea mwezi. Februari 2025 chama cha hospitali za binafsi za mijini na vijijini kilisimamisha huduma kwa wenye SHA kwa sababu ya madeni ambayo hayakuwa yamelipwa, na wagonjwa wakaombwa fedha taslimu. Tahadhari: kadi iliyo hai na hospitali iliyolipwa ni vitu viwili, na ni nadra kuvikuta siku moja.

Hatua ya kumi: kata bima halisi. Tumekuficha jambo hili mpaka sasa kwa sababu ungeanza nalo, na faili lako lingekuwa tupu. Bima ambayo Ukambani nzima inalipia bila kukosa haina ofisi Upper Hill wala haina nambari ya kupiga. Ina kundi la WhatsApp, mwenyekiti, mweka hazina, na picha ya mgonjwa akiwa bado amenenepa. Kanuni zake hazijaandikwa popote na hakuna asiyezijua, kwa hiyo tutakuandikia.

Changia mapema, lakini usiwe wa kwanza. Wa kwanza huonekana ana pesa. Usitoe zaidi ya mwenyekiti. Usitoe chini ya mwalimu mkuu. Ukitoa 1,000, andika "nitaongeza". Usiongeze. Baada ya kutuma, bandika ujumbe wa M-Pesa kwenye kundi, maana mchango usioonekana haukutolewa. Nenda mwenyewe kwenye chai ya kuchangisha bili, kaa mpaka mnada wa jogoo, na ununue jogoo hata kama ni wako uliyemtoa asubuhi. Andika majina ya waliokosa. Wao wameandika lako. Bima hii haina kipindi cha kungoja na haikuulizi paa. Inajua ugonjwa wako kabla hujapimwa. Tena hulipa usiku, wakati mwili umezuiliwa au mgonjwa hatolewi mpaka bili ilipwe.

Ila ina kipengele kimoja ambacho hutakisoma mpaka umeshatia saini. Ulipokuja na barua ya chifu ukitafuta bima, hukuona kwamba kijiji nacho kilikuwa kinatafuta yake, na kimeitafuta muda mrefu kuliko wewe. Kilisikia kuhusu kiinua mgongo chako kabla ya Bima House kukipitisha. Kimehesabu. Mtoto wa binamu anasubiri upasuaji wa goti kwa sababu "tumngoje aliyestaafu". Bili ya Mzee Fulani pale hospitalini ina jina lako pembeni kwa penseli. Hukuja kukatiwa bima, mstaafu. Umefika, na bima imefika. Tahadhari: usibishe. Bima inayobisha huitwa jina la kampuni.

Hatua ya mwisho: ugua. Umejitahidi, lakini siku itafika. Utaanguka pale karibu na tangi, saa saba mchana. Faili litatolewa: barua ya naibu wa chifu yenye jina la kaka yako, kadi ya NHIF kwa kumbukumbu, risiti ya mkupuo, karatasi ya dodoso inayosema wewe ni mtu mwenye uwezo. Probox itakuja. Vidole vyako vitakataa, kwa sababu licha ya onyo letu ulilima. Karani atasema kwa upole kwamba ada yako ilikwisha Jumanne.

Ukizinduka utakuta umeingizwa kwenye kundi jipya lenye picha yako ya harusi na lengo la mchango lililoandikwa kwa herufi kubwa. Hukuulizwa. Mwenyekiti ni mtu ambaye hukuwahi kumchangia. Mweka hazina ni yule aliyekunadia jogoo. Naibu wa chifu yumo, ametoa 200 na ameandika "nitaongeza". Huo ndio ukaazi uliokuwa ukiutafuta tangu hatua ya tatu, na hauna barua nyingine. Ukisoma kiasi kilichopatikana mpaka sasa, utataka kujiondoa kwa aibu. Usijiondoe. Kila mtu huona nani ametoka.